Printa ya Bei Chee na Wino wa Bei Mbaya

Mwezi Januari 2024, Enrique Lores, wakati huo mkurugenzi mkuu wa kampuni ya HP, alihojiwa na televisheni ya CNBC akatamka jambo ambalo wafanyabiashara kwa kawaida hulisema wakiwa wamefunga mlango. Kila mteja anayenunua printa, alieleza, ni kitega uchumi cha kampuni. Mteja asiyechapa vya kutosha, au asiyetumia wino wa kampuni, ni kitega uchumi kibovu. Wengi walimshambulia mitandaoni. Mimi naona alitutendea hisani, maana alituambia wazi biashara yenyewe ni ipi. Ile printa ndogo iliyopangwa kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa bei inayomfanya mteja aulize mara mbili, haijauzwa kwa thamani yake. Imekopeshwa. Unatoa kianzio, unaondoka na mashine, deni unalilipa kwa wino.

Mkopo si dhambi. Mwalimu mwenye shilingi laki moja na nusu za Tanzania mkononi leo hawezi kununua mashine ya laki tano na nusu, hata kama hiyo ya pili ingemtoka nafuu zaidi baada ya mwaka. Kampuni zinalijua hilo vizuri sana. Kinachokera ni kwamba riba ya mkopo huu haiandikwi kwenye boksi. Boksi lina picha ya familia inayotabasamu, idadi ya kurasa kwa dakika na alama ya Wi-Fi. Gharama ya kuchapa ukurasa mmoja hutaiona popote.

Mambo hayakuanza hivi. LaserJet ya kwanza ya HP ilitoka mwaka 1984 kwa dola 3,495 za Marekani. DeskJet ya kwanza, ya wino wa maji, ilifuata mwaka 1988 kwa dola 995. Hizo zilikuwa bei za ofisi, na mashine ndiyo iliyokuwa bidhaa. Kisha HP, Canon, Epson na Lexmark zikaanza kugombea meza za nyumbani, bei ya mashine ikaporomoka hadi chini ya dola mia moja, na faida ikahamia kwenye katriji.

Chukua katriji moja uione ilivyo. HP 305 nyeusi ya kawaida, inayotumiwa na DeskJet kadhaa za bei ya chini, ina wino wa mililita 2 hivi. Haujai hata nusu ya kijiko cha chai. Kampuni inasema wino huo unatosha kurasa 120 hivi; katriji ya rangi inatosha kurasa 100. Ukiikuta dukani kwa shilingi 45,000 za Tanzania, basi lita moja ya wino huo inakwenda kwa zaidi ya milioni ishirini na mbili. Katriji ya rangi ina hila nyingine: rangi tatu zimekaa kwenye kikopo kimoja. Mtoto akichapa bendera na ramani hadi njano ikaisha, bluu na nyekundu zilizobaki zinatupwa pamoja nayo.

Na zile kurasa 120 nazo zina masharti yake. Zinapimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, ambapo mashine huchapa mfululizo kurasa maalumu za majaribio mpaka wino ukatike. Ni kipimo cha haki kwa kulinganisha katriji na katriji. Nyumbani, hata hivyo, hakuna anayechapa namna hiyo. Leo unatoa barua moja, kisha mashine inakaa wiki mbili, kisha fomu ya shule. Kila ikiamka baada ya kulala muda mrefu, mashine hujisafisha kichwa cha kuchapia kwa kusukuma wino kupitia vitundu vyake, na wino huo hauendi kwenye karatasi. Unaishia kwenye sponji iliyofichwa ndani ya mashine. Kwa hiyo anayechapa kidogo hulipa zaidi kwa kila ukurasa kuliko anayechapa sana, na katika nyumba nyingi wino mwingi hupotea kwa kukaa. Joto na vumbi huongeza hasara. Vitundu vya kichwa ni vyembamba kuliko unywele, na wino wa maji hukauka.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi hulisema kila siku na wateja hawalisikii: usizime printa kwa kuchomoa waya au kubonyeza swichi ya ekstensheni. Ukizima kwa kitufe chake, mashine hurudisha kichwa kwenye maegesho yake na kukifunika kisikauke. Ukikata umeme ghafla, kichwa hubaki wazi popote kilipokuwa. Umeme ukikatika wenyewe ni hivyo hivyo, na kwetu hilo halihitaji maelezo.

Tufanye hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Msomaji wa Mombasa, Kampala au Bujumbura aweke za dukani kwake, mwelekeo utabaki ule ule. Katriji ya 45,000 kwa kurasa 120 ni shilingi 375 kwa ukurasa. Rimu ya karatasi 500 kwa 12,000 ni shilingi 24 kwa karatasi. Jumla ni karibu 400 kwa ukurasa mweusi, kabla hujahesabu mashine yenyewe, umeme, wala wino uliopotea kwa kujisafisha. Steshenari ya mtaani ikitoza 200 kwa ukurasa, imekushinda kwa nusu bei, na bado mwenye steshenari anapata faida yake. Rudia kuisoma hesabu hiyo. Kwa mashine ya aina hii, kila ukurasa unaochapa nyumbani unakugharimu zaidi ya ule ambao ungekwenda kuulipia, kwa hiyo mashine haitarudisha fedha zake hata ukichapa miaka kumi. Kuchapa zaidi kunaongeza hasara.

Sasa weka mashine ya matangi. Chupa ya Epson namba 103, inayouzwa sana Afrika Mashariki kwa mashine kama L3110 na L3210, ina mililita 65 za wino mweusi, na kampuni inaitaja kutosha kurasa 4,500 hivi. Tuseme chupa ni 35,000: wino kwa ukurasa unashuka hadi shilingi nane. Karatasi sasa ni ghali mara tatu kuliko wino ulioko juu yake, jambo ambalo mwenye katriji hawezi hata kulifikiria. Ukurasa wote ni kama shilingi 32. Mashine ikiwa 550,000 dhidi ya 150,000 ya ile ya katriji, tofauti ya laki nne inalipwa na wino ndani ya kurasa 1,100 hivi. Anayechapa kurasa 200 kwa mwezi anaimaliza tofauti hiyo katika nusu mwaka.

Lakini ukiishindanisha mashine hiyo ya matangi na steshenari, picha inabadilika. Unaokoa 168 kwa kila ukurasa, hivyo unahitaji kurasa karibu 3,300 kurudisha laki tano na nusu. Kwa kurasa 200 kwa mwezi ni mwaka mmoja na miezi minne. Kwa kurasa 40 kwa mwezi ni karibu miaka saba, na hapo chupa moja nyeusi ingepaswa kukaa zaidi ya miaka tisa. Wino haukai hivyo. Ungeganda, kichwa kingeziba, na kichwa cha mashine hizi kimefungwa ndani, hakiji na chupa mpya kama kile cha katriji nyingi za HP na Canon. Ndiyo faida pekee ya kweli niliyoiona kwenye katriji: kichwa kikiharibika, kinaondoka nayo, na mashine inaanza upya.

Asili ya mashine za matangi inafundisha mengi kuhusu nani anayempangia nani bei. Mafundi na wenye maduka katika nchi za Asia walichoshwa na katriji. Wakatoboa vifuniko vya printa za kawaida, wakapitisha mirija laini, wakaiunganisha na matangi ya wino yaliyobandikwa ubavuni. Hata kwetu vitu hivyo vilionekana sana kwenye studio za picha na vibanda vya vitambulisho, mirija ikining'inia nje, vidole vya fundi vikiwa vyeusi. Kampuni zilikuwa zinauza mashine kwa hasara na wino hazikuuza. Mkopo ulikuwa umetolewa na mkopaji ametoweka. Nchini Indonesia, ambako mtindo huo ulienea mno, Epson iliamua mwaka 2010 kuuza yenyewe printa zenye matangi ya kiwandani, kwa bei ya juu ya mashine na bei ya chini ya wino. Wamarekani hawakuziona madukani kwao mpaka mwaka 2015. Canon ilifuata na mashine zake za PIXMA G, HP ikafuata na zake. Wateja wa nchi ambazo fedha ni ngumu walikataa riba kwa vitendo, na kampuni ikalazimika kuuza kitu kwa thamani yake.

Mashine ya matangi ina mtego mmoja ambao muuzaji hautaji. Ile sponji ya wino mchafu niliyoisema ina kikomo, na ndani ya mashine kuna hesabu inayokisia imejaa kiasi gani. Hesabu ikifika mwisho, taa za onyo zinawaka na mashine inagoma, hata kama matangi yamejaa. Fundi anakuja na kompyuta, anaendesha programu, anarudisha hesabu kwenye sifuri, anachukua hela yake. Mashine inachapa. Sponji bado imelowa vile vile. Ukifanya hivyo mara ya pili bila kuibadilisha, wino utaanza kuvuja chini na kukuharibia meza, au mashine. Mwambie fundi abadilishe sponji na akuonyeshe ile ya zamani.

Leza inasimama pembeni ya ugomvi huu wa wino kwa sababu tona ni unga. Haikauki. Printa ya leza inaweza kukaa likizo nzima ya Desemba bila kuguswa na ikatoa ukurasa safi siku ya kwanza ya shule. Tona ya HP 85A, ya ile LaserJet P1102 ambayo imezeeka na wahasibu na makarani wa nchi hizi, inatajwa kutosha kurasa 1,600 hivi. Kwa tona halisi ya 180,000 ni shilingi 112 kwa ukurasa. Ikijazwa tena na fundi kwa 25,000, hata ikitoa kurasa 1,200 tu, ni 21. Kwa mtu anayechapa maandishi meusi, kwa vipindi, leo nyingi na mwezi ujao hakuna, naipigia kura leza bila kusita. Ina masharti mawili. Leza hupasha joto ili kuyeyusha unga kwenye karatasi, na wakati huo huvuta mamia ya wati. Inverta ndogo ya sola itazima, ilhali printa ya matangi hutumia wati kumi na kitu tu. Na leza nyingi zilizoletwa kutoka Marekani ni za volti 110. Zichomeke kwenye umeme wetu wa 230 au 240 bila kibadilisha volti na hutazihitaji tena.

Kuhusu mizigo ya kutoka ng'ambo, ndugu walioko Uingereza au Marekani wasome hapa kabla ya kufunga boksi. Kampuni huuza katriji ile ile kwa namba tofauti kila eneo la dunia. Katriji ya HP inayoitwa 123 kwetu na Mashariki ya Kati inaitwa 302 Ulaya Magharibi na 63 Marekani. Umbo ni moja, lakini chipu hutambua eneo, na mashine ya eneo moja inaweza kuikataa katriji ya eneo jingine. Zawadi ya printa kutoka London inaweza kugeuka zawadi ya kutafuta katriji za London.

Chipu hiyo hiyo ndiyo uwanja wa vita vya mahakamani. Lexmark iliwahi kuuza katriji za tona kwa punguzo, kwa sharti kwamba mteja azitumie mara moja kisha azirudishe kwake. Kampuni ndogo ya Impression Products ikawa inanunua katriji zilizotumika, zikiwemo zilizouzwa nje ya Marekani, na kuziuza zikiwa zimejazwa upya. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 30 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba kampuni ikishauza kitu chake, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, iwe kimeuzwa ndani ya nchi au nje. Uamuzi huo ulikuwa wa maana kwa wajazaji wote. Lakini kampuni zikisimamishwa na sheria zina programu. Hata kabla ya uamuzi huo, tarehe 13 Septemba 2016, maelfu ya wenye printa za HP waliamka na kukuta katriji za kampuni nyingine, zilizokuwa zikifanya kazi jana yake, zimekataliwa. Malalamiko yakawa makubwa, HP ikatoa njia ya kuondoa kizuizi kwa mashine zilizohusika, lakini haikuuacha mpango wenyewe. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wateja vizuri kuhusu vizuizi hivyo.

Kampuni zina utetezi, na si wote wa uongo. Wino mbovu huziba vichwa kweli. Tona iliyojazwa vibaya humwaga unga ndani ya mashine, na katriji za bandia zenye boksi la kampuni halisi ni wizi, hazina jina jingine. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia kwa kazi hiyo. Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Ushindani. Ila bandia ni kitu kimoja na kilichojazwa upya ni kingine, na kampuni hupenda sana kuviweka kwenye sentensi moja. Katriji inayojazwa na fundi mbele ya macho yako haimdanganyi mtu. Inamnyima mkopeshaji riba yake, basi.

Kwa nini basi mtu anunue printa, ikiwa steshenari inaishinda ile ya bei chee na kushindana hata na ya matangi? Kwa sababu steshenari ina gharama zisizo kwenye kibao cha bei. Anayeishi mbali atalipa bodaboda kwenda na kurudi kwa ajili ya ukurasa mmoja. Kuna foleni, kuna umeme, kuna flashi inayorudi nyumbani na virusi. Kubwa zaidi ni siri. Cheti cha kuzaliwa, mkataba wa nyumba, majibu ya hospitali: unavituma kwa WhatsApp kwa kijana wa steshenari na vinabaki kwenye kompyuta yake mpaka siku atakayokumbuka kuvifuta. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini sheria haijafika kwenye folda za dukani. Mwalimu anayetunga mtihani hana hiari kabisa. Hawezi kuupeleka mtaani.

Wazazi wa Kenya wanaijua hesabu hii kuliko wengi. Mtaala wa umilisi, CBC, ulipoanza rasmi mwaka 2019, watoto walirudi nyumbani na kazi za kuchapisha picha na chati, mara nyingi kwa rangi na mara nyingi usiku. Saiba, yaani vibanda vya intaneti na kuchapisha, zilineemeka. Wazazi wakalalamika, na baadhi wakakimbilia printa ya bei ya chini kabisa, wakidhani wamekwepa shilingi za saiba. Kwa picha za rangi zinazojaza ukurasa, katriji ya kurasa 100 haitoi hata thelathini, kwa sababu kipimo kile hakikuhesabu ukurasa uliofunikwa wote kwa rangi. Wazazi wanne wa jengo moja wakichangia mashine moja ya matangi, kila mmoja angetoa chini ya bei ya printa chee, na kwa kuwa mashine ingetumika kila siku, kichwa kisingekauka.

Hukumu yangu, basi. Chini ya kurasa hamsini kwa mwezi, na kama hakuna siri wala umbali, nenda steshenari na fedha za printa zifanyie jambo jingine. Maandishi meusi kwa vipindi, nunua leza, hata iliyotumika, mradi tona yake inajazwa mjini kwako. Rangi kila wiki, nunua ya matangi na chapa walau ukurasa mmoja kila juma. Printa ya katriji ndogo simshauri mtu, ila yule anayepewa bure na kuchapa barua chache kwa mwaka.

Neno la mwisho ni kwa wakuu wa shule, makatibu wa misikiti na makanisa, na watendaji wanaosaini manunuzi ya ofisi. Bei za wazabuni zinapoletwa mezani, mashine huchaguliwa kwa bei ya mashine, na mwaka mzima unaofuata fungu la shajala linakwisha Mei. Mdaini kila mzabuni aandike, kwa mkono wake, bei ya katriji, chupa au tona halisi, idadi ya kurasa inazotoa, na gharama ya ukurasa mmoja. Asiyeweza kuandika namba hizo tatu, msinunue kwake.